Panya Aliyeitwa Bwana Harusi

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho kwenye treni, lakini masikio aliyaacha kazini. Kiti cha mbele, babu mmoja anayehema kama aliyepanda mlima alikuwa amemganda binti mwenye kitambulisho cha maabara shingoni.

"Kwa hiyo panya mnamtia ugonjwa wa moyo makusudi?"

"Ndiyo, babu. Kisha tunampa dawa ya kuupa moyo nguvu, tunamweka kwenye gurudumu."

"Akakimbia?"

"Mmoja alikimbia kama anachelewa harusi yake, tukamwita Bwana Harusi. Tulikosea. Panya wa maabara hapewi jina, utakuja kumlilia." Binti akatazama dirishani. "Ile dawa iliuchosha moyo. Waliopewa walikufa mapema kuliko wenzao wasiopewa."

"Na hao wenzao?"

"Wapo. Wamejikunyata pembeni, wanahema."

"Kama mimi!" Babu akacheka mpaka akakohoa. "Kitinda mimba wangu anaolewa mwezi ujao. Nipatie hiyo ya Bwana Harusi, nicheze siku moja tu."

"Babu! Kazi yangu ni kukuongezea siku."

"Sasa mwanangu, siku za kuhema nazipeleka wapi?"

Fundi alimuunga mkono binti, kisha babu, kisha binti tena, yote hayo akijifanya anakoroma.

Treni ikasimama. Babu akashuka taratibu, ameshika chuma. Alipofika chini akageuka. "Lakini alikimbia vizuri, eeh?"

"Vizuri sana, babu," binti akajibu kwa sauti ndogo.

Mlango ukajifunga. Hapo ndipo fundi alipokumbuka kwamba kituo kile kilikuwa chake.