Mama Kagua na Seva Iliyokataa Kuzimwa

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: hadi wiki iliyopita nilidhani kazi ya shangazi yangu ni kuzima kompyuta na kuziwasha. Mwisho wa mwezi huu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta ameniomba mimi, mwanafunzi, niandike wasifu wa shangazi, kwa kuwa wahandisi wake, asema, huziandikia mashine tu.

Shangazi alianza kama mpiga chapa wa masjala. Kompyuta zilipoletwa wenzake walizikwepa. Yeye alizizoea kama jirani mpya. Leo seva anayoilea, yaani kompyuta kuu ya hospitali, ndiyo inayopeleka maagizo ya madaktari kwenye dirisha la dawa.

Jina lake la utani, Mama Kagua, lilianza kama kejeli. Zamani, ukibadilisha mipangilio ya seva ukakosea alama moja, programu ilizimika palepale. Yeye akadai iandikwe upya: isome mipangilio mipya pembeni kwanza, ikikuta kosa, iutaje mstari wenyewe waziwazi, huku ikiendelea na mipangilio ya zamani. Na ikiamriwa kuzima na kuwaka upya, ikague kabla ya kuzima, maana ikishazimika haina tena cha kushika.

“Mama, hiyo ni programu au mkagua tiketi?” wakubwa walimtania.

“Usiache mbachao kwa msala upitao,” akawajibu, akaiandika.

Jumatatu moja mwaka jana, foleni ya dawa ikiwa imefika mlangoni, mhandisi kijana aitwaye kwa utani Chapchap, ambaye vidole vyake hutangulia macho, alibadilisha mipangilio akasahau kufunga mabano. Akaiamuru seva izime na kuwaka upya. Seva ikakataa, ikamwonyesha mstari kwa maandishi mekundu. Chapchap akamgeukia shangazi: “Shikamoo, Mama Kagua.” Walikuwa wameshaamkiana asubuhi.

Kwenye foleni ile nilikuwa nimekaa na bibi, mama yake shangazi, aliyeishiwa sindano za sukari. Hatukujua lolote. Namba yake ikaitwa, akapewa dawa, tukaenda zetu. Huo ndio ushindi wa shangazi, na hospitali nzima ilipita ndani yake bila kuuona.

Shangazi, asante. Ulale mpaka uchoke, na simu ikilia iwe ya wajukuu tu.

Chapchap aliponisimulia haya wiki iliyopita, nilienda ofisini kwa shangazi nikamwomba anifundishe kulisoma lile faili la mipangilio ya seva. Tulianza mstari wa kwanza.