Noel Mghanga na Mashimo Mawili ya Gitaa Jekundu

Aliyelala katika jeneza hili ni Noel Mghanga, fundi wa magitaa, mkazi wa Barking, London, mume wa Jacqueline. Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, Mkawasi. Familia ilimwomba auandike mfupi na wa kufariji. Ameshindwa yote mawili, na anaomba radhi mapema.

Noel alizaliwa tarehe 25 Desemba 1958 huko Wundanyi, Taita, kitinda mimba wa marehemu Mwadime Mghendi, seremala wa misheni, na marehemu Wakesho. Kwa kuwa ilikuwa Krismasi, katekista alimpa jina la Noel hata kabla mama hajaulizwa. Mama alikuwa amemwekea jina jingine. Hakulitaja kamwe, na sasa hakuna aliyebaki wa kulijua.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Wundanyi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Voi, akaishia kidato cha pili karo ilipokosekana. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, lakini mikono yake haikutulia. Akiwa na miaka kumi alilikuta sanduku la mbao la mama, lile la kuwekea leso, akaligonga, likajibu kwa sauti nene. Akataka kujua kama lingejibu kwa sauti kubwa zaidi likitobolewa. Basi akachukua patasi ya baba na kutoboa kifuniko, mashimo mawili, moja kila upande. Mama alirudi kutoka shambani akaona panya wameshapata mlango. Sote tulingoja fimbo. Mama akakaa chini, akaupitisha mkono juu ya yale mashimo, akasema tu, “Ungeniuliza, mwanangu. Ningekupa lile la zamani.” Noel alilia siku mbili. Uchungu wa fimbo ungemwisha kwa saa moja.

Mwaka 1975 aliteremka Mombasa kujifunza useremala, na kuanzia 1980 hadi 1991 alitengeneza samani mchana na kupiga gitaa katika bendi za hoteli za pwani ya kaskazini. Dada yake alikuwa ameshatangulia London kufanya kazi ya uuguzi, akamvuta. Noel alitua uwanja wa ndege wa Heathrow tarehe 3 Septemba 1991 akiwa na shati la mikono mifupi, na hakwenda mbali na pale alipotua: alikaa Hounslow miaka kumi na miwili, mwanzoni akipakia mizigo ya ndege kwa shifti.

Hapo Hounslow ndipo alipokutana na marehemu Chaman, Mhindi wa Mombasa aliyekuwa na duka dogo la kutengeneza ala za muziki. Noel aliingia kununua nyuzi. Akamsikia mzee akimgombeza mteja kwa Kiingereza na kujigombeza mwenyewe kwa Kiswahili, akacheka, akabaki. Mwaka 1997 aliacha mizigo akawa fundi wa duka, na Chaman alipofariki mwaka 2009 aliendelea na binti yake, Rupa, ambaye yuko nasi leo. Chaman alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka ikachosha: “Kila unachogandisha, gandisha kwa gundi itakayokubali kutoka. Kuna fundi atakuja nyuma yako. Usimfungie mlango.” Ndiyo maana katika duka lile walitumia gundi ya ngozi ya kupasha moto, ambayo ikipata joto na mvuke huachia kwa heshima. Noel aliishika sheria hiyo miaka kumi na tisa. Aliivunja mara moja.

Alifunga ndoa na Jacqueline tarehe 22 Julai 1995, wakajaliwa watoto wawili: Mwadime, aliyezaliwa 1997 na kupewa jina la babu yake, na Mghoi, aliyezaliwa 2001. Familia ilihamia Barking mwaka 2003, na wengi wenu mlimjua hapo, katika ibada yetu ya Kiswahili, akiwa nyuma ya mitambo ya sauti na bisibisi mfukoni.

Wasifu wa kawaida ungetoka hapa ukaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Lakini Noel hakuuawa na ugonjwa peke yake, na dada yake amechoka kunyamaza.

Kulikuwa na gitaa jekundu, hilo mnaloliona kando ya jeneza. Ni gitaa la umeme lenye mwili nusu mtupu: katikati kuna kipande kizima cha mbao, na mbavu zake mbili ziko wazi kwa ndani. Usoni lilikuwa na mashimo mawili membamba yaliyopinda kama herufi f, kila ubavu na lake. Noel alilinunua kwa Chaman enzi za uhai wake, akalitunza, akampa Mwadime alipotimiza miaka kumi na mitano. Gitaa la namna hiyo lina sauti yenye pumzi, tamu, lakini lina ugomvi wake. Ukiongeza sauti ya amplifaya, mlio unaotoka kwenye spika unaurudia mwili wa gitaa, unatikisa ule uso mwembamba na hewa iliyo ndani, uso unatikisa nyuzi, nyuzi zinairudia spika, na hivyo hivyo zinachocheana mpaka linatoka yowe. Noel alikuwa hachoki kuwaeleza watu kwamba shimo husingiziwa bure. “Uso ndio unaotikisika,” alikuwa akisema. “Shimo ni pua tu. Ukiiziba, yowe la chini litapungua, ndiyo, lakini gitaa litapigaje bila kupumua?”

Mwadime hakuliogopa yowe hilo. Alilifuga. Alijua asimame hatua mbili kutoka kwenye spika, akipiga noti moja anageuza kifua taratibu, na noti ile inabaki, haifi, mkono wake ukiwa umeshatoka kwenye nyuzi. Akigeuka, inakwisha. Noel alikuwa akisimama mlangoni kwa mtoto wake akisikiliza, na siku moja alimwambia dada yake kwamba miaka yote ile hotelini hakuwahi kupiga noti hata moja iliyomtii hivyo. Aliyasema hayo machozi yakimlengalenga, na dada yake akamwambia aache ujinga.

Kanisani ile noti haikupendwa. Wazee waliziba masikio. Noel alitengeneza vizibo vya mpira, vya kuchomeka kwenye mashimo na kuchomoa. Mara mbili Mwadime alivichomoa katikati ya wimbo na kuviweka juu ya spika, mbele ya watu wote.

Sasa sikilizeni. Pentekoste ya mwaka 2016 tulikuwa tunangoja wageni kutoka Nairobi. Jumatano kabla yake, kiongozi wa kwaya alikwenda jikoni kwa Noel akamwambia, “Noel, ile gitaa ya mtoto wako itatuaibisha. Ziba hizo shimo kabisa, na mbao. Na usimwambie, mtabishana tu.” Noel akajibu, “Si ya kwangu, dada. Nilishampa.” Kiongozi wa kwaya akamwambia, “Wewe ni baba yake au ni fundi wake?” Kiongozi huyo wa kwaya ni huyu anayewasomea. Jambo hili halijasemwa mbele ya watu mpaka leo. Mwadime pia analisikia leo kwa mara ya kwanza, pale alipokaa.

Ijumaa tarehe 13 Mei, Mwadime akiwa kazini, Noel alichonga vipande viwili vya mbao vilivyoingia kwenye mashimo sawasawa. Sufuria ya gundi ya ngozi ilikuwa dukani, Hounslow, upande wa pili wa mji. Kwenye droo ya jikoni kulikuwa na gundi ya mirija miwili, ile inayochanganywa, aliyogandishia mpini wa kikaango. Alikuwa amekasirika, na maneno ya dada yake yalikuwa bado yanamchoma. Akaitumia hiyo. Gundi ile ikishakauka haitoki mpaka mbao yenyewe ing’oke.

Jumapili ibada ilikuwa nzuri. Gitaa halikupiga yowe hata mara moja, na wageni walisifu. Mwadime aliviona vile vipande, akacheka akidhani ni vizibo vipya vya baba, akaviacha kwa heshima ya sikukuu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano alikuwa kwenye shifti. Siku hizo zote nne Noel alikaa naye mezani akitaka kumwambia, na kila alipofungua kinywa alimwomba chumvi.

Alhamisi tarehe 19 Mei, Mwadime alikwenda kusikilizwa na bendi iliyokuwa ikitafuta mpiga gitaa wa kuzunguka nayo Ulaya. Walikuwa wamemsikia katika ukumbi mmoja Dalston, na walichompendea ni ile noti isiyokufa. Walimwambia waziwazi: lete ile. Alisimama hatua mbili, akapiga, akageuza kifua. Noti ikafa. Akajaribu tena. Akaenda kuvichomoa vizibo kwa ukucha, kisha kwa ufunguo wa nyumba. Mkwaruzo wa ufunguo ule uko hapo, upande wa kulia, mnaweza kuja kuuona.

Aliporudi, dada yake Noel alikuwepo. Mwadime, aliyezaliwa hapa na ambaye tangu utotoni alijibu kwa Kiingereza hata ukimuuliza kwa Kiswahili, siku hiyo aliliweka gitaa mezani, akamtazama baba yake, akasema kwa Kiswahili safi, “Baba, ungeniuliza.”

Noel alikaa kwenye kiti kana kwamba amesukumwa. Dada yake alilikumbuka sanduku la mama, na alijua kwamba Noel pia amelikumbuka. Hapo ndipo ilipompasa kusema, “Mimi ndiye niliyemtuma.” Badala yake alichukua mkoba wake akaenda zake nyumbani.

Mwadime alihamia Leeds mwezi Julai, na Mghoi anatuambia hakushika gitaa tena. Alimpigia mama yake kila Jumapili. Hakuomba kuzungumza na baba yake.

Noel alitaka kulifungua gitaa kwanza, ndipo amwendee mwanawe. Alijaribu joto, gundi ikamcheka. Alijaribu msumeno wa uzi, vipande vikatoka pamoja na kingo za mashimo, na uso ukapasuka kutoka shimo la kulia mpaka kwenye daraja la nyuzi. Aliuziba ule ufa, safari hii kwa gundi ya ngozi, kwa wiki tatu, akilia kazini, na Rupa ni shahidi. Gitaa lilifunguka, lakini halikuwa lile. Pale lilipokuwa likiimba lilikaa kimya, na mahali pengine lilipiga yowe baya lisilozuilika. Basi akaanza kuunda magitaa mengine kuitafuta ile sauti: lenye shimo moja, lenye mashimo membamba, lenye mashimo mapana, lenye uso mnene, lisilo na shimo kabisa. Aliunda kumi na moja. Katika daftari lake, chini ya kila moja, ameandika vipimo, kisha neno moja: “Bado.” Chini ya la kumi na moja hakuandika kitu.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kukataa chakula, na madaktari wakagundua saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Jacqueline alimsihi wamwite Mwadime. Alikataa. “Nikimwita sasa atakuja kwa sababu naumwa,” alisema. “Nataka aje kwa sababu nimefungua.” Dada yake alimuuguza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, yeye muuguzi wa miaka thelathini, na katika miezi mitano ya kukaa kitandani pake hakupata ujasiri wa kumwomba msamaha kwa sauti. Noel hakuwahi kumtaja kwa yeyote kama ndiye aliyemtuma, hata kwa mkewe. Aliubeba mzigo huo peke yake, akafa nao. Alifariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, hospisini, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa mwisho, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Mwadime alipigiwa simu na Mghoi alfajiri ile, akapanda treni ya kwanza, akafika saa sita.

Jumamosi iliyofuata Mwadime aliingia dukani kwa Rupa. Alilichomeka gitaa jekundu kwenye amplifaya, akasimama hatua mbili, akapiga noti moja, akageuza kifua. Tulikuwa watu wanne pale. Noti ikafifia kama noti yoyote. Akachomoa waya, akauzungusha vizuri kama baba yake alivyomfundisha, akatoka nje.

Noel ameacha mjane, Jacqueline. Watoto wawili, Mwadime na Mghoi. Dada mmoja, Mkawasi. Rupa, aliyekuwa kwake kama mtoto. Na magitaa kumi na moja yasiyo na mwenyewe.

Dada yake alikuwa ameshaamua gitaa jekundu lizikwe pamoja naye, na alikuwa ameshawaambia watu wa mazishi. Jumatano akajishtukia. Akampigia simu Mwadime akamuuliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake: lizikwe, au libaki? Mwadime akajibu kwa Kiingereza kwamba kwake yote ni sawa.

Ndiyo maana gitaa liko hapo kando, halimo ndani wala halijapelekwa nyumbani. Hakuna aliyeamua.

Mungu ampe Noel amani ambayo sisi tulio wake tulimnyima. Apumzike.