Mama Sogea Anashuka Kigodani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mpiga picha wetu mkuu anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia isipokuwa mhasibu, tena siku ya mshahara tu. Sisi wengine wote, pamoja na wateja, watoto wa wateja, na hata fundi wa umeme aliyekuja mara moja akaondoka, tunamwita Mama Sogea.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Hakuna familia iliyowahi kukaa mbele ya kamera yake bila kuambiwa isogee. "Sogeeni. Bado. Sogeeni jamani! Mmegombana, au ndivyo mnavyokaa nyumbani?" Anaamini kwamba watu wanaopendana husahau kukaa karibu pale wanapotazamwa, na kwamba kazi ya kwanza ya mpiga picha ni kuondoa pengo kati ya bega na bega. Taa na mengineyo baadaye.

Kuna ndugu wawili wa kiume, watu wazima wenye ndevu, waliokuja kupigwa picha na mama yao huku wakiwa wamenuniana. Kila mmoja alishika ncha yake ya benchi. Mama Sogea hakuuliza kisa. Aliwasogeza tu, na kuwasogeza, mpaka mkubwa akakosa mahali pa kuweka mkono wake ila kwenye bega la mdogo wake. Sisemi walipatana siku hiyo. Ninachojua ni kwamba picha walirudi kuichukua pamoja.

Alianza kazi kwenye chumba cha giza, akisafisha filamu, na hapo ndipo nilipomkuta mimi nilipoajiriwa. Kamera alipewa Jumamosi moja ambayo mpiga picha aliyekuwapo aliumwa na jino, na foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni. Stendi ya kamera kubwa ilikuwa imekwama kwa kimo cha yule bwana, ambaye alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, na Mama Sogea, kama mnavyomwona, hakuletwa duniani kuning'iniza mapazia. Wengine tulihangaika kutafuta fundi. Yeye alikwenda jikoni, akachukua kigoda cha mpika chai, akapanda, akaita wa kwanza.

Stendi ilitengenezwa baadaye. Kigoda hakikurudi jikoni. Alisema akiwa juu yake anawaona watoto waliofichwa nyuma, na kweli, tangu hapo hakuna mtoto aliyetoka kwenye picha zetu akionekana nywele tu. Mpika chai alikidai kigoda chake mpaka naye akastaafu, na kwenye hafla yake ya kuagwa, badala ya kushukuru, alianza kwa kukiulizia.

Jambo kubwa aliloiachia studio hii ni Picha za Nyumbani. Siku hizi tunaziona za kawaida, lakini alipolitoa wazo hilo kikaoni, meneja wetu wa wakati ule alicheka kwa wema kabisa. "Nani atataka kupigwa picha akiosha sufuria?" Mama Sogea akajibu, "Mwenyewe hatataka. Watoto wake watataka." Meneja akafikiri kidogo, akasema basi aanze na nyumbani kwake meneja. Picha ya meneja akiwa amelala kwenye kochi, gazeti limemfunika uso na mtoto wake wa mwisho amelala juu ya tumbo lake, ilikaa ukutani mapokezi kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wageni.

Basi akawa anakwenda. Alipiga picha za dada watatu wakisukana nywele kwenye ngazi, kila mmoja kichwa chake magotini kwa mwenzake. Alimpiga picha bibi akitunga uzi kwenye sindano, ulimi nje. Aliipiga picha familia nzima ikigombea kioo kimoja asubuhi. Nyumba moja ilikuwa na desturi ya kuwapima watoto urefu kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kila mwaka mpya, na kila mwaka mpya yeye alikuwapo. Walipohama, baba wa nyumba ile alikuja studio akiwa hana raha. Watu tunaweza kuwahamisha, alisema, lakini mlango je? Mama Sogea alikwisha kuupiga picha ule mlango peke yake, juu mpaka chini, mistari yote ikisomeka. Tuliuchapisha kwa kimo chake kamili. Nilikata karatasi ile nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na mpaka leo sijakata picha ndefu kuliko hiyo.

Hakuwa mtu wa kukosea, ila kuna kosa moja ambalo hawezi kustaafu bila kukumbushwa. Babu mmoja alikuwa anatimiza miaka themanini. Mama Sogea alishinda kwao mchana kutwa, akapiga filamu nzima: keki, mshumaa, wajukuu, hotuba, machozi. Jioni nikaisafisha, nayo ikatoka nyeupe safi kama kioo cha dirisha. Filamu haikuwa imeshika kwenye gurudumu la kuivuta ndani ya kamera. Kamera ilikuwa ikihesabu, naye alikuwa akibonyeza, lakini ndani hakuna kilichokuwa kikisogea. Yeye aliyewasogeza watu wote, filamu ndiyo iliyomgomea.

Asubuhi alikwenda mwenyewe mlangoni kwa yule babu kabla hata hajamwambia meneja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo jana sikuzeeka?" Akageuka akawaita wanawe. "Njooni, nimerudishiwa siku yangu. Turudie!" Wakarudia. Nguo zilikuwa zimekwisha kufuliwa, kwa hiyo gauni la mjukuu mmoja linaonekana likichuruzika maji. Keki iliisha tangu jana, kwa hiyo mshumaa umesimama juu ya mkate. Familia ile inazipenda picha hizo kuliko zote. Tangu siku hiyo, Mama Sogea kila akitia filamu alikizungusha kitasa cha kukazia filamu pembeni mwa kamera na kutamka kwa sauti, "Inazunguka." Zilipokuja kamera za dijitali, zisizo na filamu wala kitasa, aliendelea kusema hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike ukurasa huu kwa kuwa nimefanya kazi naye muda mrefu kuliko wengine, na akaniomba niwe mchangamfu. Nitajitahidi, ingawa kuna jambo moja la nyumbani kwangu ambalo siwezi kuliruka, maana ndilo lililomalizia kazi yake.

Kila mwaka, siku shule zinapofungwa, mimi na mke wangu, binti yetu na mapacha wetu wawili tulikaa kwenye benchi la studio tukapigwa picha. Na kila mwaka mke wangu alifumba macho. Alikuwa akitazama vizuri tu, ila kamera ilipolia, macho yalifungwa. Mama Sogea alijaribu kila mbinu. Alihesabu mpaka tatu akabonyeza kwenye mbili. Alihesabu kinyumenyume. Aliacha kuhesabu. Mwaka mmoja alimwambia afumbe kabisa, kisha afumbue kwenye tatu. Kazini huniita kaka, kwa hiyo yeye na mke wangu waliitana wifi.

"Wifi, macho!"

"Si nimefumbua!"

"Umefumbua moja!"

Picha hiyo ya jicho moja ninayo. Mwaka juzi, walipokuwa wakitaniana hivyo hivyo, mke wangu alimwambia, "Wifi, wewe utastaafu hujanipata." Mama Sogea akamjibu kutoka juu ya kigoda, "Sistaafu mpaka nikupate."

Mwaka jana mke wangu aliugua, na mwezi wa sita tukamzika.

Tulipotafuta picha ya kuweka mbele ya watu siku ile, albamu nzima ilikuwa na mama aliyelala. Mama Sogea alikuja bila kuitwa. Alikuwa na picha aliyoipiga nyumbani kwetu asubuhi moja ya kawaida, alipokuja kuwapiga picha mapacha wakinyolewa uani. Nyuma yao, mlangoni, mke wangu amesimama, taulo begani, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, anatazama moja kwa moja mbele. Nywele zilikuwa zikipeperukia nguo alizoanika, naye alikuwa anajiandaa kutugombeza sote. Macho yamefumbuka kabisa. Waombolezaji waliomfahamu walipoiona walicheka kidogo, na nashukuru walicheka.

Lakini Mama Sogea mwenyewe aliniambia kwamba ile haihesabiki, kwa sababu wifi yake hakujua kama anapigwa picha. Ahadi yao ilikuwa ya kwenye benchi.

Shule zilipofungwa mwaka jana hatukwenda. Hakuna aliyesema tusiende, siku ilipita tu. Mwaka huu tarehe ya kustaafu ikatangulia, na ikawa wazi kwamba shule zikifungwa, kigodani atakuwapo mtu mwingine. Mama Sogea hakunisukuma. Siku moja, nikiwa nakata picha, alisimama mlangoni akasema, "Kaka, ningependa ya mwisho iwe yenu. Mkija, mje. Msipokuja, sitanuna." Kisha akaenda zake. Nikawaambia watoto, nikidhani watakataa, na nusu nikitumaini watakataa, maana sikujua mkono wangu ningeuweka wapi. Binti yangu aliwasha pasi palepale.

Tulikuja Jumamosi iliyopita. Tulikaa, na bila mtu kupanga, katikati kukabaki nafasi ya mtu mmoja. Mpokezi alikuwa amesimama kwenye pazia. Mhasibu, ambaye Jumamosi haji, alikuwa amekuja. Sote tulikuwa tukisubiri lile neno. Mama Sogea alipanda kigoda, akaweka jicho kwenye kamera, akafungua mdomo, na neno halikutoka. Miaka yote hiyo, na siku hiyo halikutoka. Akaondoa jicho, akaifuta lenzi isiyo na vumbi, akalirudisha.

Binti yangu ndiye aliyemsaidia. "Shangazi, tunasubiri. Si useme?"

"Sogeeni," alisema, kwa sauti ndogo.

Tukasogea.

"Bado," akasema, na hiyo ilikuwa sauti yake tunayoijua. "Bado! Mmegombana?"

Tukasogea mpaka kiwiko cha binti yangu kikanichoma mbavuni na mkono wangu ukapata pa kukaa, begani kwake. Mama Sogea akanong'ona, "Inazunguka." Akahesabu: moja, mbili. Kwenye tatu, watoto wangu wote watatu wakafumba macho.

Walikuwa wamepanga tangu nyumbani, wakati wa kupiga pasi. Hawakuniambia. Kwenye picha hiyo wao watatu wamefumba kwa nguvu, wanabana kicheko, na mimi pekee nimetoa macho kama mtu aliyeachwa na basi. Mama Sogea aliitazama kwenye kioo cha kamera. Akaanza kucheka, akashika stendi, akashuka, akakikalia kigoda chenyewe, akawa anacheka na kujifuta uso kwa kitambaa cha kusafishia lenzi. Mhasibu akauliza kwa upole kama tuirudie.

"Hii hairudiwi," akasema. "Nimempata."

Hiyo ndiyo picha yake ya mwisho kazini.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya familia zisizohesabika ambazo leo zinajua bibi yao alitungaje uzi, nakushukuru, dada yangu. Uongozi umeamua kwamba kigoda unaondoka nacho, na shauri la mpika chai limefungwa rasmi. Wajukuu wako wamekusubiri vya kutosha. Kawashinde kwa kulala mchana, kaonje chai ikiwa bado moto, na ukiwa na kamera, zipige picha sufuria zako mwenyewe. Tunakuombea afya, siku nyingi zenye mwanga mzuri, na nyumba iliyojaa watu wasiokaa mbali mbali.

Ijumaa hii, baada ya hotuba, tutapiga picha ya pamoja, na mara hii hutasimama nyuma ya kamera. Nafasi ya katikati ya benchi tumekuachia wewe. Nitabonyeza mimi, nami nitahesabu mpaka tatu, kwa hiyo angalia macho.

Sogea, Mama. Bado. Sogea tena kidogo. Hapo hapo.