Mbele Ni Wapi?

Mgeni rasmi, mganga mkuu wa hospitali yetu, viongozi wa meza kuu, wauguzi, na nyinyi wagonjwa na ndugu zenu mliokaa huku nyuma: wakubwa wetu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumefurahi kukuona, na tusikufiche, tuna wasiwasi pia. Tuliagizwa risala iwe fupi na ya furaha. Ufupi tutajitahidi.

SISI NI NANI

Sisi ni waandishi wa maelezo ya zana. Chumba chetu kiko nyuma ya chumba cha dobi; mashine za kufulia zikianza kuzunguka, meza nzima inatetemeka. Hospitali ilipoanza kutumia wakala wa akili bandia, yaani programu inayopokea agizo la muuguzi na kulitekeleza yenyewe, ilibidi mtu amweleze wakala huyo kila zana aliyopewa ni ya kazi gani: ipi inapanga miadi, ipi inafungua faili, ipi inaagiza vipimo. Mafundi wa kompyuta huziita API. Wakala haoni zana inavyofanya kazi kwa ndani. Anasoma maelezo yetu tu, kisha anachagua.

YALIYOMPATA FUNDI CHEREHANI

Mwanzoni tulihimizwa kuandika kwa kifupi ili kazi iende. Zana moja ikaelezwa hivi: "Husogeza mbele miadi ya mgonjwa." Basi. Sote tuliisoma na hakuna aliyeshtuka.

Siku moja nesi wa kliniki ya wajawazito alimpima fundi cherehani mmoja, mwenye mimba yake ya kwanza. Presha imepanda, miguu imevimba. Nesi akamwagiza wakala: "Huyu mama msogeze mbele, daktari amwone haraka." Yeye aliwaza foleni, mtu akisogezwa mbele kwenye foleni, anawahi. Lakini zana ilikuwa ya tarehe, na tarehe ikisogezwa mbele, inachelewa. Fundi akapata ujumbe kwenye simu kwamba aje mwezi ujao.

Nesi alipoona hatokei, akampigia.

"Mdogo wangu, mbona hujaja?"

"Si mmeniambia mwezi ujao, dada? Nikamwambia mume wangu, afadhali, kumbe mimi na mtoto tuko salama."

Sauti yake ilikuwa nzito. Akasema kichwa kinamgonga, na tangu asubuhi tundu la sindano halioni. Nesi hakungoja amalize. Gari la wagonjwa lilipofika, fundi alikuwa ameshashikwa na kifafa cha mimba, mumewe amempakata mlangoni akiita majirani.

Mtoto alitolewa kabla ya wakati. Yu hai, na mama yu hai, Mungu ashukuriwe. Ila jicho moja la mama lina ukungu mpaka leo, na cherehani ameifunika kwa shuka. Tulikwenda kumjulia hali. Mumewe akatuuliza kwa upole, "Kwani nyinyi mkisema mbele, huwa ni wapi?"

Bora angetutukana.

MAFANIKIO

Tuliandika upya: "Zana hii huchelewesha miadi, humpangia mgonjwa tarehe ya baadaye. Usiitumie ikiwa anatakiwa aonwe mapema. Kwa hilo tumia zana ya kuwahisha. Agizo likiwa na maana mbili, muulize kwanza aliyelitoa." Kisha tukahamia kliniki, tukawasikiliza wauguzi wanavyosema wakiwa wamechoka, tukamjaribu wakala kwa maneno yao hayo hayo. Sasa akiambiwa "msogeze mbele" anauliza: "Awahi, au achelewe?" Nesi yule anasema wakala amekuwa na maswali kama mama mkwe, lakini anasema huku akicheka.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, leo umekuja kubonyeza kitufe cha kuzindua sehemu ya dawa ya wakala huyu. Maelezo ya zana zake bado ni yale ya kifupi. Moja inasema: "Huongeza dawa ya mgonjwa." Kuongeza nini? Vidonge vile vile vya mwezi mwingine? Dozi kubwa zaidi? Au dawa nyingine juu ya ile? Tumeuliza. Tumejibiwa kwamba wakala ana akili, ataelewa.

Mwenzetu mmoja, mama yake mzazi ana ugonjwa wa moyo, na dawa anachukua kwenye dirisha lile la kushoto kwako.

OMBI

Tuna ombi moja tu. Usibonyeze kitufe leo. Tupe nafasi tukae na wafamasia, tuandike kila zana inafanya nini, haifanyi nini, na wapi wakala asimame amuulize binadamu.

Tunajua kamera zimefika na viti vimekodiwa. Tunajua pia kwamba kesho huenda tukaitwa ofisini kuulizwa nani ameturuhusu kusoma sehemu hii ya risala. Hakuna aliyeturuhusu.

Wewe ni mkubwa wetu. Ukiamua kubonyeza, hatuna la kufanya. Ila ukiona mikono yetu imetulia wakati wenzetu wanapiga makofi, usituone hatuna adabu. Ni hofu, mgeni rasmi.

Mungu akupe afya, akuongoze katika uamuzi huu, na awahifadhi wote wanaosubiri dawa zao asubuhi hii.

Ni sisi watumishi wenu,
Waandishi wa Maelezo ya Zana.