Ngumi ya Eladio

Sogeeni karibu, wanangu, nawe Wilfrido zima hiyo redio, maana mechi ya leo haina hata mchezaji mmoja ninayemjua. Ciprián tulimzika kabla ya Kwaresima, Jumapili iliyopita Eladio naye akamfuata, na katika wale tuliovaa jezi ya timu ya besiboli ya kiwanda cha sukari hapa San Pedro nimebaki mimi, mdakaji mwenye magoti mabovu.

Laiti mngemwona Eladio akirusha mpira kwa mkono wake wa kushoto, ukitua kwenye glavu yangu kwa kishindo hadi wakata miwa waliokuwa wakituzomea wananyamaza! Mimi nilichuchumaa mbele yake nikimpa ishara kwa vidole: kimoja, mpira wa kasi, viwili, wa kupinda, ngumi, basi, umechoka, toka uwanjani. Alikuwa akinitania, “Fermín, we na vidole vyako, kama bubu anayenunua ndizi.” Lakini ishara yangu hakuikataa hata siku moja, na nikizikumbuka alasiri zile moyo unaniuma kwa utamu wake.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Kiharusi kilipomnyang’anya ulimi, wanawe walimpeleka hospitali ya jijini, akatiwa mirija puani. Nilipofika nilikuta mkono ule wa kushoto juu ya shuka, ukikunja ngumi, ukifunguka, ukikunja tena, na wanawe wakaniambia ni mishipa tu inayoshtuka. Nikawaambia, “Baba yenu anaomba kutoka. Mrudisheni kwake.” Walilia sana, ila walimrudisha, akafa akisikia watoto wakicheza besiboli mtaani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Basi nikifa, nyumba hii ni ya binti yangu Nereida, aliyeniogesha bila kukunja uso. Wilfrido, jogoo wangu ni wako, na glavu pia, ila usiitundike ukutani, idakie mpira. Na uache kumnunia dada yako eti amekataa nipelekwe jijini. Anayekataa ni mimi. Nizikeni kando ya wenzangu, wameshanishikia nafasi.

Mungu awape umri mrefu, awape na rafiki wa kuzeeka naye, atakayewaelewa hata mkikosa... mkikosa sauti. Yangu inaniacha. Kidole kimoja, nipeni maji. Viwili, nigeuzeni. Ngumi... mnaijua.

Usilie, Wilfrido mwanangu. Chuchumaa hapa, mbele yangu. Tazama mkono.