Machozi, Aliyemzika Mama Yake Kitabuni

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa mama mshona nguo. Mama alishona mpaka uchungu ulipomshika, akaiweka sindano pembeni, akajifungua.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni, karo ikitoka kwenye cherehani. Alikuwa hodari wa insha. Za wenzake pia alizipenda, na baadhi ziliishia kuwa na jina lake juu.

Mwaka 1996 aliajiriwa gazetini. Soko lilipoungua, habari ya moto aliiandika akiwa mgahawani, shati limepigwa pasi, akasifiwa kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Utamu ukamkolea. Akaacha habari, akaandika kitabu cha mama fukara aliyefia kwenye cherehani, mwanawe kamshika mkono. Kitabu kikampandisha kwenye televisheni mwaka 2021, akapata kipindi cha Jumapili, watu wakamwita Machozi.

Mama alimtazama kwenye televisheni ya jirani, amempakata mjukuu. Machozi alilia, akaletewa leso.

"Mama, kwani ulikufa lini?" aliuliza dada yake Machozi, kitinda mimba.

"Sijui, mwanangu. Labda ile siku nililala mchana."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha mama akasema polepole, "Sasa nikienda kumsalimia, si nitamharibia kazi?" Hakwenda. Naye hakuja.

Machozi alifunga ndoa mwaka 2022. Mama hakualikwa. Picha yake iliwekwa mezani, ikawashiwa mshumaa.

Mwaka jana ini lilimsumbua. Mashabiki walituma maua. Aliyemwogesha na kumlisha uji ni mama, ambaye wauguzi waliambiwa ni yaya wake wa zamani. Alfajiri ya tarehe 14 Machi mwaka huu marehemu aliita, "Mama." Nesi akadhani anaweweseka. Mama aliitika, akamshika mkono mpaka ulipopoa.

Kituo cha televisheni kilituletea kijitabu kilichoandikwa kwamba marehemu amemfuata mama yake mpendwa. Hicho tumekirudisha. Hiki ndicho cha familia.

Ameacha mjane, dada mmoja, mpwa mmoja, na mama mzazi, aliye hai, ambaye amekaa mstari wa mbele na gauni alilolishona mwenyewe. Wenye kumpa pole wamshike mkono, wasiogope, una joto.

Mwanawe apumzike kwa amani.