Kitanda cha Mianzi cha Mama Chanthone

Watawa wetu waheshimiwa, ndugu na majirani wa Ban Nakham, mimi Somphet, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ndiye niliyepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nikikwama mnivumilie, maana moshi wa ubani huu unanichukua mbali.

Marehemu Chanthone Sisavat alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Ban Nakham, mkoani Champasak, asubuhi ya ukungu, na mama yetu akalazwa juu ya kitanda cha mianzi chenye makaa chini yake, akanywa maji moto ya mizizi mpaka mwili ukarudi, kama anavyofanyiwa kila mzazi kwetu. Alisoma Pakse, akahitimu ukunga mji mkuu, Vientiane, mwaka 1972, akarudi kuzalisha wanawake wa kando ya mto, na mwaka 1975 akaolewa na marehemu Bounthavy, fundi redio, mtu wa maneno machache, siyo kama mimi.

Mwaka 1979 walivuka mto Mekong kama wakimbizi, wakakaa kambini Thailand, kisha wakapelekwa Ufaransa, mji wa Lyon, na huko, Januari 1981, theluji ikidondoka polepole dirishani kama sufi, akamzaa binti yake wa pekee, Dalavone. Damu ilimtoka nyingi, madaktari wakamwokoa, ingawa kizazi hakikubaki, na hakuruhusu mtu yeyote awaseme vibaya. Lakini baadaye walimwogesha, wakafungua dirisha, wakampa maziwa ya mgando kutoka kwenye friji, jamani, mzazi wa siku hiyo hiyo! Lugha hana, akaonyesha kwa mikono moto chini ya kitanda, wakamnyang'anya Bounthavy kiberiti, wakamwita daktari wa akili. Akitusimulia hayo alicheka mpaka machozi, halafu akavuta sweta lake, maana tangu siku ile, alisema, baridi ilimwingia mifupani ikakataa kutoka, hata kwenye joto la Aprili.

Alifanya usafi katika wodi ya wazazi, kisha akawa msaidizi, na mwaka 1997 akarudi nyumbani na kujenga chumba cha kujifungulia nyuma ya nyumba yake. Mizani, glavu, gari la kumkimbiza anayevuja damu, na mume kuingia ndani, hayo aliyatoa Lyon, kamba ya kushikilia wakati wa uchungu, mama wa anayejifungua pembeni na kitanda cha moto vikabaki vya kwetu, ila mkaa uwe usio na moshi na mtoto alazwe mbali kidogo. Bibi zetu wakanung'unika, "Huyu Mfaransa anatuharibia," madaktari wa mjini wakasema, "Huyu mshamba," naye akawajibu wote, "Mzazi wangu mzima? Basi nyamazeni."

Mwaka 2010 Dalavone alikuja kujifungulia kwake, akalala juu ya mianzi, na dada akakaa chini akichochea makaa, macho yakielea kama ya mtu anayeota.

"Mama, panda, nafasi ipo," binti akamwambia.

"Aliyezaa ndiye anayelala hapo."

"Kwani mimi nilizaliwa na nani?"

Dada akacheka sana, lakini hakupanda.

Aliugua figo mwaka jana, akalazwa hospitali Pakse, akawa anatuomba tumfunike na tukimfunika bado anatetemeka, mpaka alfajiri ya tarehe 14 mwezi huu alipotutoka, mkono wake mkononi mwa Dalavone.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Pakse, majirani waliopika mchele wa kunata tangu msiba uanze, wakunga wenzake, na wenzake wa Lyon waliopiga simu wakilia.

Wengi mmeuliza mbona marehemu hakulazwa juu ya magogo matupu ya kuchomea maiti, kama ilivyo desturi yetu. Kitanda kile cha mianzi chini yake ni kile kile cha chumba chake cha kujifungulia, Dalavone amekibeba mwenyewe asubuhi, akafunga pembeni na mizizi ile ya maji moto ya mzazi, na kabla ya moto kuwashwa ameomba nisome maneno yake haya: Mama, ulinizaa, zamu yako imefika, panda. Pumzika kwa amani, dada yetu, na upate joto.